Hazina ni Nguo, au ni Mkono?

Watu wengi husema ya kuwa kazi za wazee yafaa zihifadhiwe. Neno hilo hatulikatai, lakini twauliza: kinachohifadhiwa ni nini? Je, ni kitu kilichokwisha kufanyizwa, au ni yule ajuaye kukifanyiza? Twataka kulipima swali hili kwa habari za watu walio mbali nasi, wenyeji wa kale wa visiwa vya Ufilipino.

Kusini mwa nchi ile, katika kisiwa cha Mindanao, karibu na ziwa liitwalo Sebu, hukaa kabila la T'boli. Wanawake wao hufuma nguo iitwayo tinalaki. Uzi wake si pamba; hutoka katika mmea uitwao abaka, ndugu yake mgomba. Shina hupasuliwa, nyuzi zikavutwa, zikaungwa ncha kwa ncha kwa vidole. Kisha mfumaji huzifunga mafundo madogo madogo, ili rangi nyekundu na nyeusi zisiingie mahali pasipotakiwa. Hana karatasi wala kielelezo. Nakshi yote i kichwani mwake. Wazee wao hunena ya kuwa nakshi hizo huonyeshwa katika ndoto, naye azitoaye ni Fu Dalu, roho wa abaka. Nguo ikiisha kufumwa, husuguliwa kwa kauri hata ing'ae. Kazi ya nguo moja yaweza kuchukua miezi kadha wa kadha.

Basi mtu atasema: “Nguo nzuri namna hii na itiwe katika nyumba ya makumbusho, nayo itadumu. Akiba haiozi.” Ni kweli, wala hatuwadharau watunzao vitu vya kale. Lakini nguo iliyo nyuma ya kioo haizai nguo ya pili. Aitazamaye ataona rangi. Hataona fundo lilifungwaje, wala uzi ulikaa siku ngapi chunguni. Akifa mjuzi wa mwisho, nguo ile imekuwa kama barua iliyoandikwa kwa lugha ambayo hapana tena aisomaye.

Katika muziki jambo hili ni wazi zaidi. Kaskazini, katika milima ya kisiwa cha Luzon, Wakalinga wana patu bapa za shaba ziitwazo gangsa. Mara nyingi wapigaji sita huketi safu moja na kuzipiga kwa viganja. Kila mmoja ana pigo lake, na wimbo hupatikana mapigo yote yakipokezana. Patu sita zikitundikwa ukutani, shaba ipo, wimbo haupo. Na ngoma je? Ngoma haina hata shaba ya kutundika. Hukaa katika miguu ya mchezaji tu.

Wala tusidhani ya kuwa kutazamwa ndiko kuhifadhiwa. Mwaka 1904 Wafilipino zaidi ya 1,000 walipelekwa katika maonyesho makubwa ya St. Louis, Marekani. Waigorot, watu wa milima ile ya Luzon, walicheza ngoma zao mbele ya watu waliolipa kiingilio. Watazamaji walikuwa wengi mno, walakini walikuja kustaajabu, hawakuja kujifunza. Wazee walisema, Mcheza kwao hutunzwa. Na pale hapakuwa kwao.

Mwaka 1992 Ufilipino ilitunga sheria ya kuwaheshimu mafundi wa kazi za asili. Sheria ile humwita fundi mwenyewe hazina. Humpa posho, tena humdai awafundishe vijana. Mwaka 1998 aliheshimiwa hivyo Bibi Lang Dulay wa Ziwa Sebu, ambaye mama yake alianza kumfunza kufuma alipokuwa na umri wa miaka 12, naye akawafunza wengine. Mwaka 2000 aliheshimiwa Bwana Alonzo Saclag, Mkalinga aliyejifunza upatu na ngoma kwa kuwatazama wazee wake, akawafundisha vijana wa kwao. Lang Dulay alifariki mwaka 2015. Mwaka 2023 mfumaji mwingine wa T'boli, Bibi Barbara Ofong, alipewa heshima ile ile. Mwenye mkono alizikwa. Ujuzi wa mkono haukuzikwa naye.

Lakini kijana ana haki kuuliza: “Nikiketi miaka mingi nikijifunza, nitakula nini?” Swali hili tusilijibu kwa kumwita mvivu au mwenye kuwadharau wazee. Anunuaye nguo ya miezi mitatu kwa bei ya nguo ya siku tatu, huyo ndiye amfukuzaye mwanafunzi kitandani pa mfumi. Na mzazi asifuye ngoma siku ya karamu, kisha akaona haya mwanawe akiifuata kama kazi, naye amelifunga darasa.

Basi twaona ya kuwa hazina ni mkono, na nguo ni ushahidi wake. Atakaye kujua kama kazi ya wazee ingali hai, asihesabu vilivyomo sandukuni. Na aulize ni nani anayejifunza leo, na ni nani anayemlisha wakati anapojifunza.