Hakuomba Kuku

Sam Suchmann na rafiki yake wa tangu utotoni, Mattie Zufelt, wa jimbo la Rhode Island nchini Marekani, wana sindromu ya Down. Ndoto yao haikuwa ya kumtoa mtu machozi: walitaka filamu ya mazombi, yenye damu na vitisho tele, na wao wenyewe wakiwa mashujaa. Jesse, kaka yake Sam, angeweza kuwashauri watunge kitu cha adabu zaidi. Wengi wetu tungefanya hivyo, tena kwa nia njema. Yeye aliwaita marafiki zake, fedha zikachangishwa mtandaoni, na filamu ikatoka: Spring Break Zombie Massacre. Hadithi ilibaki ya vijana wale wawili, na mazombi yao yote.

Hapa ndipo sisi ndugu wa mtu mwenye sindromu ya Down tunapojikwaa. Tunamtunza, tunamtetea akichekwa mtaani, kisha bila kujua tunaanza kumchagulia hata cha kutamani. Mdogo wetu akisema anataka kuwa konda wa daladala, tunatabasamu, tunamnunulia kuku afuge. Kuku ni wazuri, sikatai, na mayai yana soko. Lakini hakuomba kuku. Dada yake angeweza kumpeleka kituoni Jumamosi moja, akazungumza na dereva mwelewa, kijana akaita abiria kwa safari moja tu, kwenda na kurudi. Dada naye angekaa kiti cha nyuma, na akidaiwa nauli na mdogo wake, alipe.