Inchi 19: Nakala Ina Deni Gani kwa Asili?

Ukubwa wa kioo si jambo ambalo mtu hutarajia kulikuta katika insha ya maadili. Mahali pake ni dukani, ambako muuzaji hukuuliza una pesa kiasi gani na sebule yako ina upana gani, mkamalizana. Lakini kwa miezi miwili sasa familia yetu hapa Kampala imebishana juu ya kioo kimoja, na kadiri nilivyowasikiliza ndivyo nilivyozidi kuona kuwa inchi ni kisingizio tu. Kinachobishaniwa ni kitu ambacho sisi wanafunzi wa lugha hukutana nacho kila tunapofasiri: nakala inadaiwa nini na asili yake, na mwenye haki ya kudai ni nani.

Habari yenyewe ni hii. Mjomba wangu alikulia London, mtoto wa wazazi waliokimbia Uganda katika miaka ya 1970. Karibu na kwao palikuwa na duka la samaki na chipsi, na ndani yake mashine ya Pac-Man: kabati refu la mbao, kioo kimeinamishwa kidogo, kijiti kimoja cha kuongozea, na tundu la kutumbukiza sarafu ya peni 10. Sasa amepita miaka 50 na anataka kabati kama lile nyumbani kwake. Siku hizi kulitengeneza si kazi kubwa. Seremala hukata plaiwudi, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inatosha kuwa ubongo wake, na programu kama MAME, iliyoanza kutolewa mwaka 1997, huiga mashine za zamani kiasi kwamba mchezo wenyewe haujui umehamishwa. Hayo yote tulikubaliana kwa siku moja. Kilichobaki ni kioo. Mjomba anataka inchi 19, kama mashine ya asili. Bintiye, binamu yangu wa miaka 17, anataka inchi 32, kwa sababu nyumba ina watu wengi na michezo anayoipenda yeye ni ya watu wawili kupigana, hasa Street Fighter II ya mwaka 1991. Mimi nilipewa kazi ya kupima, maana eti ndiye msomi.

Nianze na vipimo, kwa sababu vinaficha mambo. Kioo hupimwa kwa ulalo, yaani kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili, na kwa hiyo inchi peke yake haikuambii umbo. Mashine za zamani zilitumia chupa za televisheni zenye uwiano wa 4 kwa 3. Wenzetu wa Tanzania huziita televisheni za chogo, na sijapata neno zuri zaidi ya hilo. Kwa Pac-Man chupa ilisimamishwa wima, ikawa 3 kwa 4. Vioo vya leo ni vipana, 16 kwa 9. Kioo cha inchi 32 kina upana wa inchi 27.9 na kimo cha inchi 15.7. Ukiiweka Pac-Man ndani yake bila kuivuta, inapata kimo chote cha 15.7 na upana wa 11.8, na ulalo wa picha hiyo ni inchi 19.6. Kwa maneno mengine, kioo cha mjomba kimo ndani ya kioo cha bintiye, karibu kamili, na kila upande inabaki nafasi nyeusi ya inchi 8.

Ugomvi haukuishia hapo, kwa sababu ya nafasi hiyo nyeusi. Aliyenunua kioo kipana huiona kuwa hasara: amelipia inchi 32, mbona anatazama 19? Na dawa anayo mkononi, kwa kuwa kuna kitufe cha kuitanua picha mpaka ijaze kioo chote. Sote tumeona matokeo yake katika mabaa na kumbi za harusi, filamu ya zamani imevutwa na kila mhusika ana uso kama chapati. Watu wanakunywa na kutazama, hakuna anayelalamika. Binamu yangu aliniuliza ubaya uko wapi basi, ikiwa hakuna aliyeumia.

Jibu langu la kwanza linahusu Pac-Man mwenyewe. Ukimvuta toka 3 kwa 4 hadi 16 kwa 9, upana wake unaongezeka zaidi ya mara mbili kulinganisha na kimo. Yeye ni duara lenye mdomo; anakuwa yai lililolala. Hilo ni la sura tu. Zito zaidi ni kwamba akikimbia kwenda kulia au kushoto, muda anaoutumia ni uleule, lakini njia kiooni imerefuka. Jicho linamwona akienda kasi maradufu kwa mlalo kuliko anapopanda au kushuka. Mchezo wote ni kukadiria kama utafika kwenye kona kabla ya zimwi, na sasa makadirio hayo yanahitaji vipimo viwili tofauti kichwani. Toru Iwatani na wenzake wa kampuni ya Namco, walioutoa mchezo huo mwaka 1980, hawakuutengeneza hivyo. Aliyetanua picha ametunga mchezo mwingine bila kujua, na kuuacha uitwe kwa jina la wa kwanza.

Binamu yangu, ambaye ningependa siku moja asome sheria, alikuja na hoja ambayo sikuitarajia kwa mtu asiyeijali hisabati. Alikuwa amegundua kuwa picha ya Street Fighter II ina pikseli 384 kwa upana na 224 kwa kimo. Ukigawanya unapata 1.71, na 16 kwa 9 ni 1.78. Kwa hiyo, alisema, namba za mchezo wenyewe zinadai kioo kipana, na mnaosema 4 kwa 3 ndio mnaoupotosha!

Namba zake ni sahihi. Lakini mashine ile ya kampuni ya Capcom iliunganishwa na chupa ya 4 kwa 3, na chupa ilizibana pikseli hizo 384 mpaka zikaenea. Kila pikseli ilionekana nyembamba kuliko kimo chake. Wachoraji walichora wakijua hilo, wakitazama kioo cha namna hiyo. Ukizionyesha pikseli zikiwa mraba, kama namba zinavyotaka, wapiganaji wananenepa kwa zaidi ya robo. Hapa kuna somo kwa mfasiri yeyote. Anayefuata neno kwa neno ana utetezi mzuri sana, kwa kuwa anaweza kukuonyesha kila neno lilipo. Na bado mhusika aliyekuwa mwembamba katika asili anatoka mnene katika tafsiri yake. Uaminifu kwa kilichoandikwa na uaminifu kwa kilichokusudiwa kuonekana ni vitu viwili, na mara nyingi cha kwanza hutumika kukwepa cha pili.

Hoja yake ya pili ilinisumbua zaidi. Katika vibanda vya video vya Kampala kuna wafasiri wanaoitwa VJ, wanaosema juu ya filamu za kigeni kwa Kiganda. Hawafasiri tu. Wanaongeza mizaha, wanawapa wahusika majina ya mitaani, wanamshauri shujaa ageuke nyuma. Watu wanawapenda kwa hilo, nami nimo. Ikiwa VJ anaruhusiwa kuigeuza filamu nzima, kwa nini yeye asiruhusiwe kuvuta picha?

Nadhani tofauti iko katika kujitangaza. VJ anasikika. Sauti yake haifanani na ya mwigizaji, na hakuna mtu kibandani anayedhani mzaha wa soko la Owino ulitoka Hollywood. Vivyo hivyo Mwalimu Nyerere alipoutolea mchezo wa Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice jina la Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, alifanya uamuzi mkubwa, na jina lake lilikuwa juu ya jalada kuujibia. Unaweza kubishana naye, na wahadhiri wetu wanapenda sana kubishana naye. Picha iliyovutwa haina wa kubishana naye. Inajitoa kama asili, na mtoto anayeiona kwa mara ya kwanza anaamini Pac-Man ni yai. Anayetaka kubadilisha na abadilishe, lakini awepo ndani ya mabadiliko yake, aonekane.

Hayo ni kuhusu umbo. Kuhusu ukubwa sina msimamo mkali hivyo, na sababu yangu ni kwamba inchi 19 hazikuwa neno la msanii. Zilikuwa saizi ya kawaida ya chupa za televisheni za wakati ule; viwanda vilikuwa nazo. Kabati lililozibeba lilitengenezwa kwa ajili ya sarafu: mtu mmoja asimame karibu, mchezo uzidi kuwa mgumu, afe, amwachie mwingine nafasi. Mwanafalsafa Mmarekani Nelson Goodman, katika kitabu chake cha mwaka 1968 kuhusu lugha za sanaa, alitenganisha sanaa ambazo historia ya kitu chenyewe ni kila kitu, kama uchoraji, na zile ambazo kila anayefuata maandishi sawasawa amepata kazi ileile, kama muziki wa nota. Nakala ya mchoro si mchoro ule hata ikifanana nao vipi. Lakini anayezipiga nota sawasawa Kampala ameupiga muziki uleule uliopigwa Vienna. Kwa mtazamo huo mchezo wa Pac-Man ni kama nota, na umbo la picha ni sehemu ya nota hizo. Kabati ni kama mchoro. La mjomba halitakuwa lile la London hata tukitafuta mbao za mti uleule, na kwa hiyo ukubwa wake tunaweza kuuamua sisi tutakaolitumia.

Niliongeza jambo jingine, na nilimweleza mjomba kwa adabu zote. Alipocheza alikuwa na miaka 11. Mikono ilikuwa mifupi, na ili aufikie usukani alilazimika kusogea. Tuseme macho yake yalikuwa sentimita 45 kutoka kwenye kioo. Leo atasimama kama sentimita 60. Kile ambacho inchi 19 zilijaza machoni mwake wakati ule, leo kinahitaji inchi 25. Kama anachokitaka ni kuona alichokiona, basi kioo nacho kinapaswa kuwa kimekua kama alivyokua yeye.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, sijaomba nirudishiwe utoto. Nataka kuiona mashine ile kwa macho haya. Ikiwa ndogo, nijue kwamba ilikuwa ndogo."

Nimelifikiria jibu hilo kwa wiki kadhaa na sijaweza kuliangusha. Nilikuwa nimedhani kuna mambo mawili ya kuchagua, kitu au hisia. Yeye alikuwa anaomba la tatu, yaani nafasi ya kulinganisha, na kulinganisha hakuwezekani ikiwa kipimo kimerekebishwa ili kumpendeza. Ni sawa na mtu anayerudi kijijini na kukuta mto aliouogopa ni kijito. Hatumfanyii wema kwa kuupanua. Kwa mtu mmoja, basi, inchi 19 zina haki kamili, ingawa hazitokani na Namco wala na Goodman. Zinatoka kwake.

Tumenunua inchi 32. Binamu yangu anapata picha ya kupigania yenye ulalo wa inchi 26, kwa 4 kwa 3, na amekubali kwamba nafasi nyeusi za pembeni zibaki, ingawa nina hakika ataitanua picha siku nisipokuwepo. Seremala ametengeneza ubao mwembamba mweusi wenye dirisha la wima katikati. Ukiupachika mbele ya kioo, kilichobaki ni Pac-Man ya mjomba na huoni kama kuna kioo kikubwa nyuma yake. Swali la kama tuzuie kitufe cha kutanua tumeliacha. Mimi ningekizuia. Mjomba alisema nyumba yenye kufuli nyingi inaishi vibaya.

Limebaki jambo la mistari. Chupa za zamani zilichora picha kwa mistari ya mwanga yenye giza jembamba kati yake, na programu za leo zinaweza kuchora mistari hiyo kwa bandia juu ya kioo bapa ambacho hakiihitaji. Kwa kanuni yangu ya kujitangaza, hii ni hila: kioo kipya kinajifanya cha chogo. Lakini anayedanganywa ni mjomba, na mjomba ndiye aliyeagiza, akijua kila kitu. Mtu akijidanganya mwenyewe kwa hiari, mchana kweupe, sioni aliyedhulumiwa. Wajukuu watakaokuja kucheza ndio wanaonitia shaka, kwa sababu wao hawakuagiza. Kwa sasa tumepatana mistari iwashwe kwa Pac-Man peke yake, na ubavuni mwa kabati tubandike kibandiko kinachoeleza limetengenezwa Kampala, mwaka gani, kwa kioo cha aina gani. Binamu yangu anasema hakuna atakayekisoma.