Kichwa Chako, Trela ya Mwenzio

Kwenye barabara kuu za Marekani, lori lenye majina mawili ni jambo la kawaida. Mlangoni mwa kichwa pamebandikwa jina la kampuni ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, na chini yake namba ya usajili. Nyuma inafuata trela ya futi 53 yenye jina linalofahamika hadi kwa watoto: J.B. Hunt, Schneider, Werner, au lile tabasamu la Amazon. Kichwa ni mali ya dereva, na pengine ya benki pia. Trela na mteja ni vya mwingine.

Kampuni kubwa huwa na trela nyingi kuliko vichwa. Trela haili mafuta, haidai mshahara, na inaweza kuachwa siku kadhaa kwenye ghala la mteja ipakiwe taratibu. Kinachobaki ni kumpata mtu wa kuja na kichwa kitupu kuivuta, na watu hao hawakosekani. Wamo Wamarekani waliozaliwa kwenye familia za madereva, wamo wahamiaji wa kila namna, na wamo wanaozungumza Kiswahili, Wakenya na Wakongo, wanaoendesha malori Texas, Ohio na kwingineko. Wakikutana kwenye vituo vya mafuta, hoja ni ileile: mtu aliyeacha ajira ili awe bosi wake mwenyewe, ana sababu gani ya kuvuta trela ya kampuni ileile aliyoikimbia?

Wakongwe wengi wa barabara watajibu bila kufikiri kwamba hana. Wahenga wetu nao wangewaunga mkono, maana wao ndio waliosema nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini wahenga hawakuwahi kusubirishwa saa tano kwenye ghala la vyakula huku saa ya lori ikitembea.

Saa hiyo ndiyo kiini cha jambo. Sheria ya Marekani inamruhusu dereva wa mizigo kuendesha saa 11 kwa zamu, na saa hizo zote lazima zitimie ndani ya saa 14 tangu aanze kazi. Akiegeshwa mlangoni mwa ghala akingoja kupakiwa, saa 14 hazimsubiri. Tangu Desemba 2017 zinahesabiwa na kifaa cha kielektroniki ndani ya lori, kwa hiyo ule ujanja wa kalamu na daftari umekwisha. Na malipo yake huja kwa maili alizotembea. Kwa desturi ya biashara hiyo, saa mbili za kwanza za kusubiri ni bure kwa mwenye ghala. Mwaka 2018 ofisi ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Uchukuzi ya nchi hiyo ilikadiria kwamba kusubirishwa kunawapunguzia madereva wa kampuni za kukodiwa zinazobeba mizigo ya lori zima kati ya dola bilioni 1.1 na 1.3 kila mwaka. Ilisema pia kwamba muda wa kukaa ghalani ukiongezeka kwa dakika 15, kiwango cha ajali kinapanda kwa asilimia 6.2. Aliyekawizwa hukimbia.

Trela ya kampuni kubwa inaondoa kero hiyo kwa kiasi kikubwa. Dereva anafika, anaacha trela tupu, anafunga iliyojaa, anaondoka. Wa kungoja kwenye ghala ni trela, yeye yuko barabarani anatengeneza hela. Tena hakulazimika kununua trela, ambayo ikiwa mpya ni makumi ya maelfu ya dola, wala kutafuta pa kuilaza. Kwa mtu aliyeweka akiba yake yote kwenye kichwa kilichotumika, huo ni msaada wa kweli, na anayembeza kwa kuupokea hajawahi kulipa rejesho la benki kwa lori lililosimama.

Hesabu ya upande wa pili inaanzia yadini.

Ni usiku, taa ni chache, trela nyeupe zimejipanga hadi kwenye uzio. Dereva anatafuta namba aliyotumiwa kwenye simu, anaikuta pembeni kabisa. Anapiga magoti na tochi kuangalia pini, anarudi nyuma hadi inase, kisha anavuta kidogo huku breki za trela zimeshika ili ahakikishe imefunga. Anaunganisha hosi za upepo na waya wa umeme, halafu anazima injini na kusikiliza, kwa sababu upepo unaovuja husikika vizuri kukiwa kimya. Anazunguka tairi zote nane. Kashata zikiwa chini ya milimita 1.6, ni kosa. Anaitazama taa ya njano ya breki ubavuni kushoto karibu na mwisho wa trela, ambayo ikiwaka ikakataa kuzima, mfumo una hitilafu. Anasaka karatasi ya ukaguzi wa mwaka. Mwisho anapiga picha kila mahali palipobonyea na kila mkwaruzo, maana asipofanya hivyo, mkwaruzo wa dereva wa wiki iliyopita unaweza kuja kwake ukiwa na bei.

Sasa tuseme tairi moja ni kipara. Akikataa kuondoka, atamsubiri fundi wa kampuni, na fundi wa saa nane za usiku huja anapokuja. Akiondoka, askari wa ukaguzi akimsimamisha hatamtafuta mwenye jina kubwa lililoandikwa ubavuni. Kasoro ya trela inaingia kwenye rekodi ya usalama ya yule mwenye namba ya usajili iliyo mlangoni mwa kichwa, na rekodi hiyo ndiyo wanayoisoma watu wa bima na madalali wa mizigo. Uzito nao ni hivyohivyo. Trela imefungwa lakiri, dereva hakuona ilivyopakiwa, lakini mzigo ukizidi kikomo cha barabara kuu, pauni 80,000 kwa lori zima, yaani kama tani 36, au pauni 34,000 kwa jozi moja ya ekseli, anayesimama mizani kujieleza ni yeye.

Ajabu ni kwamba sheria inajua kufanya vinginevyo. Kwa zile fremu za kubebea makontena kutoka bandarini, kanuni za mwaka 2008 zilimbebesha mwenye fremu wajibu wa kuikagua na kuitengeneza. Trela ya kawaida haikupata bahati hiyo.

Wala mvutano huu haukuanza na programu za simu ambazo siku hizi madereva hupatia mizigo. Kabla ya Rais Jimmy Carter kusaini sheria ya kulegeza udhibiti wa malori mnamo Julai 1, 1980, vibali vya kubeba mizigo mingi kati ya majimbo vilikuwa mikononi mwa kampuni chache, na mwenye lori moja alilazimika kulikodisha kwao. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 1979 serikali ilitoa kanuni za mikataba ya ukodishaji: malipo yaandikwe wazi, makato yaorodheshwe, na anayelipwa kwa asilimia aonyeshwe ankara ya mzigo. Kanuni hizo zipo hadi leo. Ila zinamlinda aliyekodisha lori lake kwa kampuni na kufanya kazi kwa kibali cha kampuni hiyo. Huyu wetu, mwenye kibali chake, huvuta trela kwa mkataba wa kampuni kwa kampuni, hata kama kampuni yenyewe ni yeye na mkewe anayetuma ankara. Uhuru alioupigania umemtoa nje ya ulinzi ule.

Na uhuru huo wanaupenda kwelikweli. Julai 2022 madereva wenye malori yao walifunga bandari ya Oakland huko California kupinga sheria iliyotishia kuwahesabu kuwa waajiriwa. Ukiwatazama kwa mbali utashangaa: mtu anaukataa mshahara, bima na likizo? Lakini alichokuwa anakitetea ni haki ya kusema hapana, ya kuukataa mzigo wa Jumapili na kwenda kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake. Basi trela ya kampuni ipimwe kwa haki hiyohiyo. Mwenye kazi nyingine anaweza kuivuta leo akaikataa kesho. Asiye na trela, asiye na mteja wake hata mmoja, anayefungua programu moja tu kila asubuhi, ana jina la bosi bila kazi ya bosi.

Yaliyotokea Oktoba 2023 yanatosha kuonyesha hatari yake. Convoy, kampuni ya Seattle iliyoanzishwa mwaka 2015 kuunganisha mizigo na malori kwa njia ya simu, ilikuwa nayo inatoa trela zilizopakiwa kwa wenye vichwa vitupu. Jeff Bezos na Bill Gates walikuwa miongoni mwa wawekezaji wake, na Aprili 2022 ilithaminiwa kuwa dola bilioni 3.8. Mwaka mmoja na nusu baadaye ilisimamisha shughuli ghafla. Bei za mizigo zilikuwa zimeporomoka baada ya neema ya wakati wa korona, na dizeli, ambayo wastani wake ulivuka dola 5.80 kwa galoni Juni 2022, ilikuwa imewaacha wengi na madeni. Teknolojia ya Convoy ilinunuliwa na Flexport. Vichwa havikuwa na mnunuzi wa aina hiyo. Kila mwenye nacho alibaki na rejesho lake la mwezi.

Hapo ndipo ujanja wa mpango mzima unapoonekana. Biashara ikipanda, kampuni kubwa inaongeza vichwa bila kununua hata kimoja. Ikishuka, inaacha kuita, basi. Haifukuzi mtu, haivunji mkataba, haimlipi yeyote kiinua mgongo. Bei ya maili imekwishapunguzwa kwa sababu trela si ya dereva. Bei ya kubeba hatari ya msimu mbaya haimo popote kwenye hesabu.

Kwa hiyo anayevuta trela hizo asionewe haya, hasa mwaka wa kwanza, anapojifunza njia na kulipa deni. Ila aingie akiwa na tarehe kichwani ya kuwa na trela yake, hata iliyotumika, na walau mteja mmoja anayempigia simu yeye moja kwa moja. Na aliye Dallas au Columbus, mkataba ukiwa mezani wiki hii, asome kwanza kifungu cha uharibifu wa trela, aulize nani anamlipa fundi wa usiku na nani analipa saa za kumsubiri, kisha ampelekee wakala wake wa bima karatasi hiyohiyo aone kama bima aliyonayo inagusa trela isiyo yake. Akikuta haigusi, asiweke sahihi mpaka irekebishwe.