Shairi Lenye Vumbi la Handaki

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu na kumpa ulimi wa kubainisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, tulipotangaza kwamba jumuiya yetu itafanya usiku wa mashairi ili kuwachangia ndugu zetu wa Sudan, ndugu mmoja alinifuata baada ya Swala ya Ijumaa akaniuliza: "Watu wanakufa kwa njaa, nyinyi mnapanga vina?" Sikumjibu palepale. Swali lake ni la haki, na linastahili jibu la dini, si la mapenzi yetu ya ushairi.

Tuanze na Kitabu. Mwishoni mwa Suratu Ash-Shuaraa, aya ya 224 hadi 227, Mwenyezi Mungu anawalaumu washairi kwamba wanaowafuata ni wapotofu, kwamba wao hutangatanga katika kila bonde, na kwamba husema wasiyoyatenda. Kisha anawatoa katika lawama hiyo wale walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi, na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Basi mshairi anaponea kwenye matendo. Ulimi ukitengana na mkono, lawama inabaki palepale.

Sasa tazameni Vita vya Handaki, mwaka wa 5 Hijria. Majeshi ya makabila yanakuja kuizingira Madina, baridi ni kali, na masahaba wanachimba matumbo yakiwa matupu. Katika Sahihi Bukhari, al-Baraa bin Azib (r.a.) anasimulia kwamba alimwona Mtume (s.a.w.) akibeba udongo mpaka vumbi likafunika tumbo lake, huku akisoma beti za Abdullah bin Rawaha za kumwomba Mola utulivu na uthabiti. Katika njaa na hofu kama ile, Mtume hakuliona shairi kuwa anasa. Lakini alilisoma akiwa amebeba udongo. Na mwenye beti zile, Ibn Rawaha, aliuawa shahidi huko Mu'ta mwaka wa 8 Hijria. Aliyoyasema aliyatenda.

Tena, Imam Muslim amepokea kutoka kwa Jarir bin Abdillah (r.a.) kisa cha watu wa Mudar, waliofika Madina miguu mitupu, nguo zimewachakaa. Uso wa Mtume (s.a.w.) ulibadilika kwa kuwaona katika ufukara ule. Akaamrisha adhana, akaswalisha, kisha akahutubia akiwataka watu watoe dinari, dirhamu, nguo, ngano, hata nusu ya tende. Mtu mmoja wa Ansari akaja na mfuko uliomlemea mkono, na watu wakamfuata, mpaka yakasimama malundo mawili ya chakula na nguo. Hapo uso wa Mtume ukang'ara kwa furaha. Haukung'ara pale maneno yalipokwisha. Uling'ara pale malundo yalipoonekana.

Ndugu zangu, watu wa Mudar wa leo hawako mbali. Vita vya Sudan vilianza tarehe 15 Aprili 2023, watu wakiwa katika kumi la mwisho la Ramadhani. Mamilioni wamehama makwao. Agosti 2024 njaa kuu ilithibitishwa katika kambi ya Zamzam, huko Darfur Kaskazini. Maelfu ya Wasudani wamefika hapa kwetu Uganda, wengi wakipokelewa Kiryandongo. Na ndani ya Sudan kwenyewe, vijana wa kujitolea wanapika chakula katika majiko ya mitaani, na mara nyingi majiko hayo huzimika kwa sababu ya kukosa fedha.

Wala tusidhani tunawapelekea Wasudani ushairi wasioujua. Juni 2019, usiku mmoja Khartoum ikiwa gizani, kijana alisoma mashairi huku wenzake wakimmulika kwa simu. Picha ya tukio hilo, iliyopigwa na Yasuyoshi Chiba, ilishinda tuzo ya World Press Photo mwaka 2020. Watu wale wanajua kushika tumaini kwa maneno. Wanachokosa leo ni unga.

Kwa hiyo usiku wetu uwe na adabu tatu. Kwanza, kila atakayepanda jukwaani atoe sadaka yake kabla ya kufungua kinywa, hata iwe bei ya sahani moja ya posho na maharagwe. Pili, tusiwaabishe tunaowasaidia. Suratul Baqara, aya ya 264, inatufundisha kwamba masimbulizi na maudhi hubatilisha sadaka. Hatutaonyesha nyuso za watoto wenye njaa, wala mtu asijitwike uchungu usio wake ili apigiwe makofi. Tatu, fedha zihesabiwe mbele ya wote usiku uleule, na risiti ya zilikofika ibandikwe msikitini.

Nakiri mbele yenu: mwaka jana niliandika shairi kuhusu Darfur. Lilisifiwa, wenzangu wakalisambaza. Usiku, nilipolala, ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwa nimetoa hata shilingi mia. Nilijiona ndani ya aya ya 226.

Basi ndugu yangu uliyeniuliza, jibu langu ni hili: tutapanga vina, na tutabeba udongo. Ukituona tunapanga vina tu, simama utukataze.

Ewe Mola, walishe wenye njaa Sudan, warejeshe waliohama makwao, wape subira waliofiwa. Usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaosema wasiyoyatenda. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.