Haki ya Kuambiwa Sababu

Msomaji, watu wawili wakipatana kwa hiari, mmoja kutoa kazi na mwingine kutoa ujira, serikali ina haki gani ya kuingia kati yao? Wanaouliza hivi si wajinga. Husema: shamba lina mwenyewe na mikono ina mwenyewe, waachwe wapatane, na wakichokana waachane.

Maneno haya hupendeza mpaka yapimwe. Mwenye ghala iliyojaa aweza kungoja mwezi; mwenye tumbo tupu hawezi kungoja juma. Ridhaa ya mtu asiyeweza kukataa ni ridhaa kwa jina tu.

Tena si kweli kwamba sheria ilipata kuwa nje ya mapatano hayo. Katika Kenya, Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906 ilimhesabu mtumishi aliyetoroka kazi kuwa mhalifu, naye aliweza kutozwa faini au kufungwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume Waafrika walilazimishwa kuchukua kipande, na wengi walikivaa shingoni. Basi serikali ilikuwamo tangu mwanzo, ila ilisimama upande wa mwenye nguvu. Mwaka 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, kwa kuwa njia nyingine ya kusikilizwa ilikuwa nyembamba mno.

Mwaka 2007 Bunge la Kenya lilipitisha sheria tano za kazi. Sheria ya Ajira, mojawapo ya hizo, ilimpa mfanyakazi siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na mama likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara kamili. Lakini fikiri zaidi juu ya kifungu cha 41. Mwajiri atakaye kumfukuza mtu kwa kosa au kwa uzembe sharti kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama, kisha amsikilize.

Wako wanaonung'unika kwamba huu ni mzigo kwa mwajiri. Ni mzigo, lakini ni mzigo wa adabu. Sheria haikukataza kumwondoa mlevi wala mtoro. Ilikataza kumwondoa kimya kimya, kama mtu atupaye jembe lililovunjika. Jembe haliulizi sababu. Binadamu huuliza, na kumjibu ni kukiri kwamba ni binadamu.

Hata hivyo sheria haina macho jikoni wala shambani, na mtumishi wa nyumbani asiyejua haki yake hawezi kuidai. Huko dhamiri ndiyo hakimu. Kesho, msomaji, huenda ukaajiri. Siku utakapotaka kumfukuza mtu, jiulize kama waweza kumtajia sababu usoni, kwa lugha yake. Ikiwa huwezi, huna sababu. Una nguvu tu.