Mbwa Aumaye na Haki ya Mtoto

Ndugu yetu mmoja aliye Nakuru ametuandikia kututaka jawabu. Mwanawe wa miaka minane alikuwa akirudi chuoni, akarukiwa na mbwa wa jirani na kung'atwa pajani. Jirani ni Muislamu, na mtaa mzima wamjua mbwa yule kwa ukali. Kabla ya hapo alikwisha kumuuma mchukuzi wa maziwa. Baba alipokwenda kutaka gharama ya tiba aliambiwa kwamba mnyama hana hukumu, na kwamba mbwa si mali katika sharia, basi hapana wa kudaiwa. Wazee wa msikitini nao wakamtaka asamehe, kwani ni kadari, na ujirani una haki zake.

Ni kweli imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba jeraha la mnyama halina fidia. Lakini wanavyuoni wameeleza kuwa hayo ni kwa mnyama aliyedhuru pasi na uzembe wa mwenyewe. Imamu Nawawi katika Minhaj amemtaja hata paka: aliyezoeleka kuharibu ndege na chakula, mwenyewe hulipa, usiku na mchana. Ikiwa paka mla kuku ana mdhamini, mbwa mla watu atakosaje?

Ama kuwa mbwa si mali, ni kweli kwa madhehebu yetu ya Shafi: hauziki, wala aliyemuua halipi thamani yake. Lakini dhamana haifuati thamani, yafuata mkono. Amlishaye, amfungaye na amfunguaye ndiye aulizwaye. Bwana huyu amkubali mbwa wake usiku wapitapo wezi, kisha amkane mchana alipouma?

Wala hatuwalaumu walioko Njoro na Molo kwa kufuga mbwa. Mtume (S.A.W.) ameruhusu wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba, na kauli iliyo sahihi zaidi kwetu imemtia na mlinzi wa nyumba. Lakini Nakuru ni jiji tangu 2021, na nyumba zimebanana. Mbwa wa shambani akiachiwa kichochoroni ni jambo jingine.

Linalotuhuzunisha zaidi ni neno la wazee. Kusamehe ni kwema, lakini asamehe mwenye haki. Paja ni la mtoto, na fidia ni mali ya mtoto. Baba ni walii wake tu, wala walii hana ruhusa ya kugawa bure mali ya mtoto ili yeye asifiwe upole msikitini. Na kadari haikumwondolea mtu yeyote deni.

Ndugu yetu ameuliza kama aende kwa Kadhi. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imempa Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Dai hili ni la hakimu wa serikali, na kwenda huko si kuiacha dini. Sheria ile, iliyorithiwa kwa Waingereza, yauliza swali lile lile la mafakihi wetu: je, mwenye mbwa aliujua ukali wake, au alizembea kumfunga? Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 yaruhusu madai ya majeraha ya mwili hadi shilingi 1,000,000. Muda wa kushitaki ni miaka 3, asingoje. Ashike karatasi za hospitali, apige ripoti polisi, na amtafute yule mchukuzi wa maziwa awe shahidi.

Na wengine wanaosoma haya wajue kwamba kabla ya madai yote ni jeraha. Lioshwe papo hapo kwa maji na sabuni dakika 15, na mtoto apelekwe siku ile ile kuchanjwa, kwani kichaa cha mbwa kikishadhihiri takriban hakina dawa. Udongo wa kosho saba usitiwe kidondani. Dharura ina hukumu yake.

Pesa zikipatikana, baba atoe humo alizotumia kwa tiba. Zilizobaki amuwekee mwanawe mpaka abaleghe, na wakati huo, akipenda, atamsamehe jirani mwenyewe yaliyosalia.