Mpira na Kitabu

Imekuwa ada ya baadhi ya wazee wetu, wamwonapo kijana akiufukuza mpira uwanjani, kusema kuwa mtoto huyo amekwisha potea. Na wako wengine, hasa katika walimu wa zama hizi, wasemao kinyume chake: kwamba mtoto hatakikubali kitabu mpaka kwanza apewe mpira. Kauli zote mbili zimesemwa katika darasa letu, na wenye kuzisema ni watu wa heshima. Kwa hiyo tumeona yapasa kulitazama jambo hili pale lilipokwisha kujaribiwa kwa miaka mingi, napo ni Nairobi, katika mitaa ya mashariki ya mji huo iitwayo Eastlands.

Mitaa hiyo si migeni kwa watu wa pwani. Pumwani ilipoanzishwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1920, wengi wa waliokaa hapo mwanzo walikuwa Waislamu wenye kusema Kiswahili, na Majengo ya huko ni jina tulijualo sana hapa Mombasa. Mbele kidogo ya Pumwani liko bonde la Mathare, lenye vibanda vya mabati vilivyosongamana, na mitaro ambayo kwa miaka mingi ilijaa taka zisizokuwa na wa kuziondoa.

Katika mwaka 1987 mtu wa Kanada aitwaye Bob Munro, aliyekuwa mshauri wa mambo ya mazingira, alisaidia kuanzisha huko chama cha michezo cha vijana, kijulikanacho kwa herufi zake MYSA. Watoto wa Mathare walikuwa wakicheza mpira tangu zamani, mpira wa karatasi na mifuko iliyofungwa kwa kamba. Walichokitaka ni mpira wa kweli na mwamuzi. Wakapewa, lakini kwa sharti: atakayefanya kitu atafanyiwa, na asiyefanya hatafanyiwa. Timu iliyotoka kusafisha mtaa wake ikapewa pointi sita katika ligi, yaani sawa na kushinda mechi mbili. Basi timu ikaweza kuwa na miguu mizuri kuliko zote na bado ikapitwa na timu ya wafagiaji.

Hapo ndipo penye elimu, ingawa hapana ubao wala chaki. Mtoto akajifunza kuwa uchafu wa mtaa una sababu na una dawa. Wengine wakafundishwa uamuzi na ukocha, na tangu katikati ya miaka ya 1990 vijana wakawa wakielimishana juu ya ukimwi, maradhi yaliyokuwa yakiwamaliza wazazi wao. Na waliofanya kazi nyingi ya kujitolea walihesabiwa alama, na alama hizo zikawa ni karo, ikilipwa shuleni. Jambo hili lilikuwa na uzito mkubwa, kwani shule za msingi za serikali hazikuwa bure mpaka mwaka 2003. Watu wa mjini waijua zaidi Mathare United, klabu iliyozaliwa na chama hicho mwaka 1994, ikatwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Sisi twaona kikombe hicho ni kidogo mbele ya zile karo.

Sasa twaja kwenye swali lenyewe. Mwenye kupinga atasema: mtoto aliyezoa taka kwa ajili ya pointi sita hakujifunza usafi, amejifunza biashara. Amali ni kwa nia, na nia ya huyu ni mpira. Ondoa pointi, naye ataondoka na ufagio wake.

Hii si hoja ya kupuuzwa. Lakini twamwuliza mwenye kuisema: sisi wenyewe twawavutaje watoto? Siku ya khitma twawagawia halua na tende, na katika mashindano ya kusoma Kurani twawapa zawadi, tena siku hizi zawadi kubwa. Na pale tusipotoa halua twatoa kiboko. Kiboko nacho ni chambo, ila ni chambo kichungu. Mtoto akimbiaye chuoni kwa kuogopa bakora hana nia bora kuliko yule akimbiaye kwa kupenda mpira, na wa pili ana faida moja: hakichukii kitabu. Imamu Ghazali, ambaye wengi wetu humtaja pasi na kumsoma, ameusia katika Ihya kwamba mtoto atokapo chuoni aruhusiwe mchezo mzuri wa kumpumzisha, kwani kumzuia na kumlemea kwa masomo daima huua moyo wake na kuzima akili yake. Hayo ameyaandika yapata miaka mia tisa iliyopita, na wako walimu wadhanio kuwa mchezo ni uzushi wa Wazungu.

Nia ya mtoto haizaliwi imekamilika. Huanza kwa kuamrishwa na kuvutwa, kisha mazoea hushika, kisha, kwa aliyejaaliwa, hupenda jambo kwa ajili yake lenyewe. Kosa si kutumia chambo, kosa ni kumwacha mtoto kwenye chambo mpaka utu uzima.

Na hapa tuna khofu yetu, nayo si ndogo. Mpira wa leo si ule wa 1987. Umeingiwa na kamari, nayo haihitaji hata uwanja, imo katika simu ya kijana mfukoni. Wanazuoni wameitenga mipaka hii zamani: zawadi ya mashindano yenye kuruhusiwa, itolewayo na mtu wa tatu, si sawa na fedha iwekwayo na washindani wote ili mmoja wao aichukue. Karo ya Mathare ilikuwa ya namna ile ya kwanza, tena ililipwa kwa jasho la kazi. Kijana anayebashiri matokeo ya timu za Uingereza kwa fedha ya nauli ya mamake hafanyi mchezo wala kazi. Mwalimu atakayeuleta mpira chuoni asiseme neno juu ya hili atakuwa amefungua mlango asiojua wa wapi.

Liko na jambo la mtoto asiyeweza kucheza, mwenye mguu mbovu au pumzi fupi. Ikiwa tuzo ni ya mabao, huyu hana fungu. Ikiwa ni ya kazi, kama walivyofanya wale, anaweza kufagia, kuandika majina, kuwa mwamuzi wa wadogo, na karo yake ikalipwa pamoja na ya mfungaji. Kwa hiyo atakaye kuiga asiige mpira peke yake. Aige hesabu ile ya alama.

Kwa vyuo vyetu hili haligharimu sana. Baada ya Alasiri kiwanja ni kitupu, na ukuta wa msikiti huwa unahitaji kupakwa chokaa. Kipenga cha mwisho kipigwe mapema, watoto wapate kuoga na kushika udhu kabla ya adhana ya Magharibi.